Barafu ya Mama Aminieli

Siku hizi hata harusi ya mtu huitwa hekaya. Aikande Tarimo alimkuta mama yake sebuleni akitazama video ya harusi ya binti wa jirani, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na kwenye kona ya juu ya runinga neno moja limeandikwa kwa herufi nyekundu: HEKAYA. Bwana na bibi harusi walikuwa wakilishana keki. Neno halikubanduka. Lingekaa papo hapo hata kama wangelishana mpaka uzeeni, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuketi chini ya mashine ili macho yake yathibitishe kwamba harusi ile ilifungwa.

"Unawaona hawa?" mama yake alisema bila kugeuka. "Pilau lao tumekula, tumecheza mpaka miguu imevimba, kumbe hawajaoana."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Umekonda. Huko Shubaka hawawapi chakula?"

Shubaka ndiko Aikande alikokuwa akifanya kazi. Ilikuwa idhaa ya mtandaoni ya filamu za makala: wanyama, nyota, vita vya zamani, magonjwa na dawa zake. Watu walilipia kuitazama kwa sababu moja tu, kwamba filamu zake hazikuwa na lile neno jekundu. Kila filamu ya Shubaka ilikuwa na shahidi, mtu aliye hai aliyeliona jambo lenyewe kwa macho yake, kumbukumbu yake ikasomwa na mashine na kupigwa mhuri. Pasipo mhuri, runinga yoyote nchini, ya mkononi au ya ukutani, ilibandika HEKAYA yenyewe, wala haikubembelezeka. Shule hazikuruhusiwa kufundishia hekaya. Mahakama hazikuitazama.

Vijana waliilalamikia sheria hiyo. Mama yake Aikande aliipenda kuliko hata walioitunga. Alikuwa na umri wa kutosha kuikumbuka miaka ya picha za uongo, wakati kila mwenye simu aliweza kumfanya mtu yeyote aseme lolote. Aminieli, mwanawe wa kwanza, alikufa kwa homa ya mapafu akiwa na miaka sita, zamani, kabla Aikande hajazaliwa. Baadaye sana matapeli waliiokota picha yake mtandaoni, wakamkuza, wakampa sauti, akampigia mama yake simu akiwa mwanamume mzima mwenye macho yale yale, analia kwamba hakufa, yuko hospitali ya mbali, atumiwe pesa. Mama alituma. Alipoujua ukweli alikusanya picha zote za Aminieli. Za kwenye simu alizifuta. Za karatasi alizitia jikoni chini ya sufuria ya maharage, na maharage yale akayala. Sheria ilipokuja aliiamini kona ya runinga kama wengine wanavyoiamini saa ya ukutani.

"Mtoto wangu ninaye kichwani," alizoea kusema. "Huko hawafiki."

Sasa Aikande alikuwa amekuja ili wafike huko.

Mkobani mwake mlikuwa na jani la isale. Alilikata mwenyewe kwenye mpaka wa kihamba, shamba la migomba la nyumbani kwao, alipokuwa akiingia, akalifunga fundo, kama wafanyavyo Wachaga mtu anapokwenda kuomba msamaha. Aliyeletewa isale hakatai. Hata waliokwisha kushikiana mapanga, jani hilo likiwekwa kati yao, huketi wakanywa mbege, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja. Aikande alilijua hilo tangu utotoni, na ndiyo maana alilikata.

Aliitazama runinga kidogo, akatafuta pa kuanzia, akapakosa.

"Mama, nimekuja kwa jambo lile lile."

"Na mimi nina jibu lile lile."

Jambo lenyewe lilikuwa filamu. Aikande alikuwa ameitengeneza kwa miaka mingi na aliipa jina la *Maji Yalikotoka*. Ilihusu barafu ya Kilimanjaro: jinsi ilivyokaa kileleni tangu enzi na enzi, ilivyosinyaa, na jinsi kipande cha mwisho kilivyotoweka watu wakiwa na shughuli nyingine. Picha za zamani alikuwa nazo. Wanasayansi alikuwa nao, wa kueleza kila kitu isipokuwa kwamba waliona, maana wote walikuwa vijana. Na wakati huo huo kulikuwa na watu, tena wenye shahada, waliokuwa wakiandika kwamba mlima ule haukuwahi kuwa na barafu ya kudumu. Theluji ya msimu tu, walisema, na mawingu, na wazee wanaotia chumvi. Walioiona wakiwa mbali, kutoka barabarani, hawakusaidia; macho yao hayakuweza kuapa kama weupe ule ulikuwa barafu au ukungu. Alitakiwa mtu aliyesimama mbele ya ukuta wenyewe. Wapagazi walikuwa wamekufa. Wageni waliopanda walikuwa wamekufa, au walikwisha kuzitoa kumbukumbu zao kwa idhaa za kwao, na kumbukumbu ikishatolewa haipo tena.

Alibaki mama yake, Mama Aminieli, na hadithi ambayo kila mtu pale kijijini aliijua. Kwamba alipokuwa mwanamke kijana aliwahi kuchukuliwa kuwapikia watalii, safari moja tu. Kwamba alimpitisha mwanawe getini, pasiporuhusiwa watoto, akiwa amemfunika kitenge mgongoni kama furushi la sufuria. Kwamba alipanda naye mpaka juu kabisa, akasimama mbele ya ukuta wa barafu wa rangi ya bluu, mrefu kupita kanisa, na mtoto akalia kwa baridi. Watu waliisikia kwenye misiba na kwenye vipaimara, wakacheka, wakamwomba airudie. Ikafika mahali Aminieli hakuwa tena na siku nyingine. Alikuwa yule mtoto wa barafu.

"Ile siyo ya runinga," mama alisema. "Ile ni yangu na kaka yako."

Aikande akafungua mkoba, akaliweka lile jani mezani, juu ya kitambaa cha kufuma.

Mama akaizima runinga. Kuku walisikika nje.

"Umemkosea nani?"

"Wewe, mama."

"Lini?"

Mama alilinyanyua jani, akaligeuza upande huu na huu.

"Unaniomba msamaha wa kosa ambalo hujalifanya. Hii siyo isale, mwanangu. Hii ni kamba."

Lakini alikuwa ameshalishika. Asingeweza kulirudisha mezani, na wote wawili walijua. Alililaza mapajani, akauliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo Aikande hakuizoea kwake.

"Itaondoka barafu peke yake?"

"Barafu peke yake."

"Na Aminieli?"

"Atabaki, mama."

Ulikuwa uongo, na Aikande aliusema akimtazama usoni.

*

Fundi wa mhuri aliitwa Nanyaro, Mmeru mwenye sauti ya upole na kucha safi kama za daktari. Chumba chake kilikuwa mjini Moshi, juu ya duka la mbegu, na harufu ya dawa ya mahindi ilipanda mpaka juu. Yeye ndiye aliyekuwa amemweleza Aikande, wiki kadhaa kabla, jinsi mambo yalivyo.

Kumbukumbu si picha iliyowekwa kwenye kabati, alimwambia. Kila mtu anapokumbuka, kichwa huifinyanga upya, na kwa muda mfupi inakuwa laini kama udongo uliolowa. Ikiachwa hukauka tena na kukaa. Mashine huishika katika ule ulaini, inaishikilia wazi hadi imalize kuisoma yote, na kwa kuishikilia hivyo inaizuia isikauke. Inamwagika. Ndiyo bei yake, na sheria inaitambua, ndiyo maana mtu haruhusiwi kulazimishwa.

"Na zile za karibu yake?" Aikande alikuwa ameuliza.

"Inategemea. Zikiwa mbalimbali, zinapona. Zikiwa zimefungamana, ni kama kufumua sweta. Unavuta uzi mmoja, mkono wote unakuja."

"Mama yangu ana mtoto ndani ya ile barafu."

"Basi mwambie ukweli, dada. Aamue mwenyewe."

Hakumwambia. Alijipa sababu zote ambazo mtu hujipa: kwamba fundi amesema inategemea, kwamba mama yu katika miaka yake ya mwisho na kumbukumbu hiyo ingekwenda naye kaburini bila faida ya mtu, kwamba kuna watoto milioni ngapi watakaofundishwa kuwa babu zao walitazama ukungu. Sababu ile ya mwisho ilikuwa ya kweli. Ndiyo iliyomfanya alale usingizi.

Siku ya siku mama alivaa gauni la kanisani. Alimsalimia Nanyaro, akamuuliza ukoo wake na kama mvua imenyesha kwao, akapanda kitini akisaidiwa. Nanyaro akamvisha kofia laini yenye nyaya.

"Bibi, utanisimulia kwa sauti. Taratibu. Usiruke kitu."

"Tangu getini?"

"Tangu unapotaka."

Mama akafumba macho. Akaanza na geti na kitenge na yule askari aliyekuwa anasinzia, na Aikande, aliyeisikia hadithi hiyo tangu akiwa mgongoni, alijua kila neno litakalofuata. Lakini kadiri mama alivyokaribia barafu, maneno yalipungua. Kilima cha kokoto. Upepo. Bluu. Kisha akaacha kusimulia kabisa, akawa anatabasamu tu, na mkono wake wa kushoto ukawa unapapasa hewa juu ya paja, taratibu, kana kwamba kuna kichwa cha mtu pale.

Taa ya mashine iliwaka muda wote huo. Ilipozima, mkono nao uliacha.

Mama akafumbua macho, akawatazama wote wawili kwa adabu.

"Tumeshaanza?" akauliza.

*

Walimwacha apumzike chumba cha pili na chai ya maziwa, wao wakaketi mbele ya kioo cha mashine kutazama kilichopatikana. Mhuri haupigwi na mashine. Mashine haijui tofauti ya kitu kilichoonwa na kitu kilichoonyeshwa. Hukamata mwanga uliopita machoni na sauti iliyopita masikioni, basi. Lazima fundi atazame kwa macho yake na kutamka: nakubali, au nakataa.

Barafu ilijaa kioo chote. Aikande alishika mdomo. Haikuwa kama picha zozote alizowahi kukusanya, maana hii ilikuja na jinsi mtu mmoja alivyoitazama: ukuta mkubwa, bluu ndani ya weupe, nyufa zinazoteremka kama mishipa ya mkono wa mzee, na matone yakidondoka kwenye kingo zake. Machozi yalimtoka ya furaha tupu. Miaka yote ile, ubishi wote ule, na hii hapa, ilikuwepo, kuna mtu aliiona.

"Subiri," Nanyaro alisema.

Ukuta wa barafu ulikuwa umesogea kidogo, kama jicho linavyosogea. Pembeni yake pakatokea mstari mweusi ulionyooka. Kisha kona. Kisha, juu ya ile kona, kitambaa cha kufuma chenye maua ya njano, na juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki.

Ilikuwa runinga. Runinga nene ya zamani, kwenye sebule ambayo Aikande aliijua, isipokuwa kuta zilikuwa za rangi nyingine. Ndani yake ilikuwa ikioneshwa filamu ya makala, na sauti ya mwanamume ilikuwa ikieleza kwa Kiswahili cha redio kuhusu umri wa barafu. Macho yaliyokuwa yakitazama yaliteremka, yakamwona mtoto amelala mapajani, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni. Midomo ilimkauka. Pengo la meno ya mbele. Mkono wa mwanamke kijana ulikuwa ukimpapasa nywele.

"Mama, pale ni wapi?"

"Ni huku juu kwetu."

"Na sisi tutaenda lini?"

Mkono uliacha kupapasa. Ukaendelea.

"Tulishaenda. Umesahau? Nilikubeba mgongoni. Nilikufunika kitenge, askari akadhani ni sufuria."

Mtoto akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda mrefu. Aikande alitamani kuziba masikio.

"Kulikuwa na baridi?"

"Kali. Ulilia."

"Sikulia."

"Ulilia kidogo."

"Kwa hiyo nimefika?"

"Umefika, baba. Tulifika wote."

Kisha ilikuwa barafu tena, muda mrefu, kwa sababu mwanamke yule alikuwa ameinua macho kwenye runinga na hakutaka kuyashusha. Kisha giza.

Chini, dukani, mtu alikuwa akibishana kuhusu mbegu zisizoota.

Mama yake hakuwahi kupanda. Alimdanganya mtoto anayekufa ili afe akiwa amefika, akaendelea kumdanganya hata baada ya kufa, mbele ya watu, miaka nenda miaka rudi, hadi uongo ukapata geti na askari na kokoto, akauamini mwenyewe. Na Aikande alikuwa ameing'oa hiyo, hiyo hasa, usiku ule wa mwisho na mwanawe, kwa ajili ya ushahidi usiofaa hata kwa mahakama ya watoto.

Nanyaro ndiye aliyetangulia kusema.

"Kuna sehemu mbili ambapo barafu imejaa macho yote. Hakuna ukingo wa runinga wala kitambaa. Nikikata pale na pale, hakuna atakayejua." Alisugua uso kwa viganja. "Sijawahi kumwambia mtu hivi, dada. Lakini barafu ilikuwepo. Wewe unajua, mimi najua. Tungekuwa tunasema uongo kuhusu nini?"

"Na iliyobaki?"

"Sheria unaijua. Nikikubali, kipande kilichopigwa mhuri kinabaki, mengine yote yanafutwa hapa hapa, yasije yakachezewa. Nikikataa, inarudishwa yote kwa mwenyewe, kama ilivyo."

"Haiwezi kurudi kichwani."

"Hapana. Kwenye kifaa tu. Ataitazama kama anavyotazama chochote."

Simu ya Aikande iliwaka mezani. Mkurugenzi wa Shubaka. Aliiacha iwake mpaka ikachoka.

Alifikiri kuhusu watoto wa shule. Hakuwafikiria kwa kujifanya. Aliwaona, madarasa yote yale, mwalimu akiwaambia kwamba mlima ulikuwa na ukungu. Mhuri mmoja tu, na mambo yangewekwa sawa. Na uongo wenyewe usingekuwa wa kwanza. Mama yake alimpa mtoto mmoja barafu ambayo hakuifikia, kwa mapenzi; yeye angewapa nchi nzima barafu ambayo hakuna shahidi aliyeifikia, nayo ilikuwa ya kweli. Kama kuna dhambi hapo, ilikuwa ndogo, na ingesamehewa.

Lakini mahali fulani ndani ya kile kifaa mtoto alikuwa ameuliza kama amefika, na hapakuwa tena na kichwa duniani kilichomkumbuka. Picha zilichomwa chini ya maharage. Baba yake alishakufa. Aminieli mzima alikuwa pale, kati ya barafu na barafu, katika sehemu itakayofutwa.

Hakuhisi kwamba anatenda haki. Alihisi kama mtu aliyevunja chungu cha wenyewe, sasa anarudisha vigae.

"Kataa," alisema.

"Una uhakika? Filamu yako itatoka na lile neno."

"Kataa, Nanyaro, kabla sijabadilika."

*

Sweta lilifumuka lote. Waliporudi kijijini jirani aliita kutoka ng'ambo ya migomba, "Mama Aminieli! Karibuni jamani!" na mama akaendelea kutembea, kama mtu asiyeitwa. Jirani aliita tena. Aikande alimshika mama mkono akamwambia anaitwa yeye. "Ooh," mama alisema, akapunga.

Walimweleza. Aikande alimweleza, mchungaji alimweleza, akapelekwa kwenye kaburi dogo nyuma ya nyumba, lenye masale manne kwenye pembe, ambalo alikuwa amelipalilia kwa mikono yake maisha yake yote. Alisikiliza. Alisema pole. Alisema mtoto wa miaka sita ni mdogo sana kufa, na kwamba mama wa mtoto huyo lazima aliumia. Mengine yote yalikuwa sawa: alijua bei ya ndizi, alijua nani anadaiwa kikapu, alimsema Aikande kwa kukonda. Lile jani la isale lilikuwa bado kwenye kabati, limekauka. Aikande alitaka kumletea jingine, safari hii kwa kosa lililokwisha kutendeka, lakini ungemwomba nini mtu asiyejua alichoibiwa?

Filamu ilitoka Jumamosi na neno jekundu kwenye kona. Wale wenye shahada walioikana barafu walilishangilia neno hilo kwa majuma mawili.

Ilimchukua Aikande muda kupata moyo wa kuunganisha kile kifaa na runinga ya mama. Alifanya hivyo mchana, baada ya kula, mama akiwa amenyoosha miguu kwenye kigoda.

"Mama, nataka nikuoneshe Aminieli."

"Yule mtoto mliyeniambia?"

"Ndiye."

Barafu ilijaa sebule. Mama aliitazama. Ilipotokea runinga ndani ya runinga, alishtuka, akageuka kutazama kitambaa chake cha kufuma, maua ya njano yaliyokwisha kupauka, kisha akarudi kwenye picha.

"Hiki ni changu."

"Ni chako, mama."

*Mama, pale ni wapi?*

Mama alitoa miguu kwenye kigoda. Alijisogeza mbele. *Ni huku juu kwetu*, ilisema sauti, na mama akaweka kiganja kooni mwake, kama anayehakiki.

"Hii sauti ni yangu mimi?"

"Ni yako."

"Ana pengo," mama alisema. "Tazama, ana pengo, na anacheka hivyo hivyo. Na masikio haya ni ya kwetu. Haya ni ya baba yangu kabisa." Sauti yake ilikuwa imebadilika, na Aikande alishikilia ukingo wa kochi kwa mikono miwili. "Aminieli," mama alisema, polepole, kama mtu anayeonja. "Aminieli. Simwoni vizuri. Niletee miwani yangu, upesi."

Aikande karibu aanguke kwa haraka. Miwani ilikuwa juu ya friji. Alimvalisha mwenyewe. Mtoto aliinua uso kumtazama mama yake, *kwa hiyo nimefika?*, na mama alimtazama, akainama zaidi, midomo wazi.

Kisha macho yake yakapanda kwenye kona.

Alisoma kimya kwanza. Halafu alisoma kwa sauti, silabi moja moja, kama alivyokuwa amesoma kila siku ya uzee wake. Akaegemea kochi. Akavua miwani, akaikunja.

"Nilikuwa nimeanza kuamini," alisema.

"Mama, ni kweli. Lile neno linakuja lenyewe, halina maana. Huyu ni mwanao. Ulimzaa, ulimlea, ulimzika pale nyuma. Ni kweli kabisa."

"Wewe ulikuwepo?"

*Umefika, baba*, ilisema ile sauti ya ujana. *Tulifika wote.*

"Sikuwepo," Aikande alisema. "Nilikuwa sijazaliwa."

Mama alitikisa kichwa taratibu, bila hasira. Aliona machozi ya binti yake, akamsogelea, akamwekea mkono mgongoni, mkono wa mtu aliyewahi kubembeleza watoto.

"Usilie, mwanangu," alisema. "Hekaya tu hiyo."